Kuandika Fomula za Kampaundi za Ioni Bila Kukosea: Mwongozo Kamili kwa Wanaosumbuliwa na Radikali

Maswali yanayonifikia kuhusu kampaundi za ioni, yaani zile zinazoundwa na atomi au makundi ya atomi yenye chaji, ni mengi, lakini ukiyachambua karibu yote yanatoka kwenye kosa moja. Mmoja anaandika CaOH₂ badala ya Ca(OH)₂. Mwingine anaandika AlSO₄. Wa tatu anaiona NH₄NO₃, anajumlisha nitrojeni zake mbili na kuandika N₂H₄O₃. Wote wamekariri kanuni ya "kupishanisha valensi" (kuipa kila ioni namba ya chaji ya mwenzake) kwa haraka, na hakuna aliyewaambia kwamba radikali kama salfeti au naitreti, yaani kundi la atomi lenye chaji ya pamoja, ni kitu kimoja kinachohama kikiwa kizima.

Hapa tunaanza upya, polepole, kwa mikono. Historia ya nani aligundua nini naiacha, kwa kuwa haitakusaidia kuandika fomula. Alama na fomula ni zilezile kwa lugha yoyote, hivyo hata anayefanya mtihani kwa Kiingereza atavuna kilekile.

## Vifaa unavyohitaji

- Jedwali la elementi, hata lile lililochapishwa mwishoni mwa kitabu cha kemia
- Manila za rangi mbili tofauti, au boksi gumu na kalamu za rangi mbili
- Rula ya sentimita 30, penseli na mkasi
- Daftari
- Kwa jaribio la mwisho: betri ya volti 9, taa ndogo nyekundu ya LED, rezista ya omu 470, nyaya fupi tatu, penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili, chumvi, sukari, magadi na limau

Usiruke manila ukidhani ni mchezo wa watoto. Wanaokosea fomula wengi wanajua kanuni vizuri tu. Kinachowaangusha ni kwamba hawajawahi kuiona chaji ikiwa na urefu na ukubwa.

## Hatua ya 1: Pata chaji ya ioni ya elementi moja

Chora mpangilio wa elektroni. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7.

Sodiamu ikipoteza ile elektroni moja ya tabaka la nje inabaki na elektroni 10, lakini kwenye kiini protoni ni zilezile 11. Chanya 11, hasi 10, chanya moja imezidi. Hiyo ni Na⁺. Klorini ikipokea elektroni moja inakuwa na protoni 17 na elektroni 18. Hiyo ni Cl⁻.

Fanya hesabu hii ya *protoni kutoa elektroni* kila mara mpaka ikuingie. Wanafunzi wengi huona neno "kupoteza" wakaweka alama ya kutoa, na kosa hilo linaharibu kila kitu kinachofuata.

Ukishaizoea, tumia njia fupi ya makundi:

- Kundi la 1 (sodiamu, potasiamu): 1+
- Kundi la 2 (magnesiamu, kalsiamu): 2+
- Alumini: 3+
- Nitrojeni: 3−
- Oksijeni na salfa: 2−
- Fluorini, klorini, bromini, ayodini: 1−

Onyo. Chuma, shaba na risasi zina chaji zaidi ya moja. Chuma huwa 2+ au 3+, shaba 1+ au 2+, risasi 2+ au 4+. Hizi hazikisiwi kutoka kwenye jedwali. Swali litakupa namba ya Kirumi, mfano chuma (III), na namba hiyo ndiyo chaji.

### Kwa nini ioni hizi hushikana?

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu maelezo ya kawaida hayatoshi. Utasikia kwamba atomi "inapenda" kuwa na elektroni nane nje. Kauli hiyo inasaidia kukumbuka chaji, lakini haielezi bondi.

Angalia nishati. Kung'oa elektroni moja kutoka kila atomi katika moli moja ya sodiamu iliyo gesi kunadai kilojuli 496. Atomi za klorini zikizipokea elektroni hizo, zinarudisha kilojuli 349 tu. Mpaka hapo tuna upungufu wa kilojuli 147. Mambo yangeishia hapo, chumvi isingekuwepo.

Upungufu huo unafidiwa na kinachofuata. Ioni chanya na hasi zinavutana, zinajipanga kuwa fuwele, na katika kujipanga huko zinatoa takriban kilojuli 787 kwa kila moli. Faida ni kubwa kuliko gharama, kwa hiyo kampaundi inaundika na inadumu.

Kwa maana hiyo bondi ya ioni ni mvutano kati ya ioni chanya na hasi. Kuhama kwa elektroni ni maandalizi tu. Mvutano huo unaelekea pande zote: ndani ya punje ya chumvi kila Na⁺ imezungukwa na Cl⁻ sita, na kila Cl⁻ imezungukwa na Na⁺ sita. Huwezi kuonyesha kidole jozi moja useme hizi mbili ni "wenza". NaCl ni uwiano wa moja kwa moja katika fuwele nzima. Wala si molekuli.

Shika jambo hili la uwiano. Ndilo linaloeleza kwa nini fomula ya ioni huandikwa kwa namba ndogo kabisa zinazowezekana.

Na nguvu ya mvutano inategemea ukubwa wa chaji. Chumvi ya mezani inayeyuka kwenye nyuzi 801 za selisiasi. Magnesiamu oksaidi, yenye ioni za 2+ na 2− na ambazo pia ni ndogo zaidi, inavumilia mpaka nyuzi 2,800 na zaidi. Ndiyo maana inatumika kujengea kuta za ndani za matanuri ya kuyeyushia chuma.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika Mg²⁺, Al³⁺, O²⁻ na S²⁻ bila kuangalia popote, na kueleza kila moja kwa protoni na elektroni.

## Hatua ya 2: Zifahamu radikali kwa ndani

Ioni za atomi nyingi, ambazo darasani wengi huziita radikali, ndizo zinazoangusha watu. Kwa kuanzia zinatosha hizi:

- NH₄⁺ amoniamu
- OH⁻ haidroksaidi
- NO₃⁻ naitreti
- HCO₃⁻ haidrojeni kaboneti
- CO₃²⁻ kaboneti
- SO₄²⁻ salfeti
- PO₄³⁻ fosfeti

Sasa fahamu jambo ambalo mwongozo huu wote unalitegemea. Ndani ya radikali, atomi zimeshikana kwa kuchangia elektroni, yaani kwa bondi za kovalenti, sawasawa na zilivyoshikana kwenye maji au gesi ya oksijeni. Mvutano wa ioni uko nje, kati ya radikali nzima na ioni ya upande wa pili. Kwenye kalsiamu kaboneti kuna bondi za aina mbili kwa wakati mmoja: kovalenti kati ya kaboni na oksijeni, na ya ioni kati ya Ca²⁺ na CO₃²⁻.

Ndiyo maana ukikoroga magadi kwenye maji, sodiamu inaachana na kaboneti, lakini kaboni haiachani na oksijeni zake. Maji yanatenganisha ioni na ioni. Hayavunji radikali.

### Chaji ya radikali ni ya nani?

Ni ya kundi zima. Ukiandika SO₄²⁻, ile 2− si ya salfa wala si ya oksijeni ya mwisho iliyokaa karibu nayo. Hesabu protoni zote na elektroni zote:

- Salfeti: salfa ina protoni 16, oksijeni nne zina 32, jumla 48. Elektroni ni 50. Chaji 2−.
- Naitreti: protoni 7 na 24, jumla 31. Elektroni ni 32. Chaji 1−.
- Fosfeti: protoni 15 na 32, jumla 47. Elektroni ni 50. Chaji 3−.
- Amoniamu: protoni 7 na 4, jumla 11. Elektroni ni 10. Chaji 1+.

Ni hesabu ileile ya Hatua ya 1, isipokuwa sasa viini ni vingi.

Kaboneti inaonyesha vizuri zaidi jinsi kundi linavyomiliki chaji kwa pamoja. Kwenye daftari tunachora kaboni ikiwa na bondi mbili kwa oksijeni moja na bondi moja moja kwa oksijeni mbili zilizobaki. Lakini zikipimwa, bondi zote tatu zina urefu uleule, pikomita 129 hivi, ambao uko katikati ya urefu wa bondi moja na wa bondi mbili. Elektroni zimesambaa sawasawa juu ya kundi zima. Hakuna oksijeni iliyopendelewa.

### Zinatoka wapi, na njia ya kuzikumbuka

Usikariri orodha kama namba za simu. Radikali hasi nyingi zimetokana na asidi unazozijua tayari. Toa haidrojeni kwenye asidi, lakini itoe ikiwa H⁺, yaani iondoke bila elektroni yake. Kila H⁺ inayoondoka inaacha chaji hasi moja nyuma.

- HNO₃ ikitoa H⁺ moja inabaki NO₃⁻
- H₂SO₄ ikitoa mbili inabaki SO₄²⁻
- H₂CO₃ ikitoa mbili inabaki CO₃²⁻, ikitoa moja tu inabaki HCO₃⁻
- H₃PO₄ ikitoa tatu inabaki PO₄³⁻
- CH₃COOH, asidi iliyomo kwenye siki, ikitoa moja inabaki CH₃COO⁻, asiteti

Ukiijua fomula ya asidi, chaji ya radikali yake huwezi kuikosa. Idadi ya haidrojeni zilizoondoka ndiyo chaji.

Amoniamu inakwenda kinyume. Amonia, NH₃, ina jozi moja ya elektroni ambayo haijatumika. H⁺ haina elektroni hata moja. Zikikutana, nitrojeni inatoa jozi hiyo itumike na wote wawili, na H⁺ inaingia na chaji yake. Matokeo ni NH₄⁺. Bondi zote nne baada ya hapo zinafanana kabisa. Huwezi kujua haidrojeni ipi ilikuja mwisho.

Onyo. NH₃ na NH₄⁺ ni vitu viwili tofauti. Amonia ni gesi isiyo na chaji, yenye harufu kali. Amoniamu ni ioni, na huikuti peke yake kwenye chupa. Daima iko na mwenzake hasi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuchukua radikali yoyote kwenye orodha, kuitaja asidi yake (isipokuwa amoniamu na haidroksaidi), na kusema bondi zipi ni za ndani na mvutano uko wapi.

## Hatua ya 3: Kata kadi

Kila chaji moja iwe sentimita 3 za urefu. Kimo cha kadi zote kiwe sentimita 4.

- Kadi za 1+ na 1−: sm 3
- Kadi za 2+ na 2−: sm 6
- Kadi za 3+ na 3−: sm 9

Rangi moja iwe ya chanya, nyingine ya hasi. Kwa kila ioni yenye chaji 1 au 2 kata kadi tatu. Kwa yenye chaji 3 kata mbili zinatosha.

Kadi ya radikali ni moja, nzima. Andika SO₄²⁻ katikati yake kwa herufi kubwa. Usikate kadi ya S na kadi nne za O, hata kama inakushawishi. Mkasi haupiti ndani ya radikali.

## Hatua ya 4: Panga mpaka ncha zilingane

Kadi chanya ziwe safu ya juu, hasi safu ya chini, zote zikianzia ukingo mmoja wa kushoto. Kanuni ni moja tu: ongeza kadi kwenye safu iliyo fupi, na usimame mara ncha za kulia zinapolingana.

Tufanye alumini salfeti, ambayo ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Weka Al³⁺ moja juu na salfeti moja chini. Juu ni sm 9, chini ni sm 6. Chini ni fupi, ongeza salfeti ya pili. Sasa chini ni sm 12, imepita. Juu ni fupi, ongeza alumini ya pili: sm 18. Chini ni fupi tena, ongeza salfeti ya tatu: sm 18. Ncha zimelingana. Simama.

Hesabu kadi: alumini mbili, salfeti tatu.

Aliyeandika AlSO₄ alisimama mwanzoni kabisa, wakati safu ya juu ikiwa bado imezidi kwa sm 3. Hizo sm 3 ni chaji chanya moja isiyo na mwenzake. Fuwele ya namna hiyo haiwezi kukaa, kwa sababu chaji zilizozidi zingesukumana na kuisambaratisha.

Sasa fanya magnesiamu na oksijeni. Juu sm 6, chini sm 6. Zimelingana kwa kadi moja moja, basi. Wanaopishanisha valensi bila kufikiri hapa huandika Mg₂O₂. Kadi hazikuruhusu kufika huko, kwa sababu umesimama kwenye mlingano wa kwanza, na mlingano wa kwanza daima ndio uwiano mdogo kabisa.

Panga pia hizi kabla ya kuendelea: kalsiamu na fosfeti (tatu kwa mbili), amoniamu na salfeti (mbili kwa moja), alumini na naitreti (moja kwa tatu).

## Hatua ya 5: Hamisha kwenye daftari

Hapa ndipo alama zinapopotea hata kwa waliopanga kadi vizuri. Soma taratibu.

Chanya huandikwa kwanza. Isipokuwa kwenye asiteti, ambapo utakuta wengi wakiandika CH₃COONa.

Idadi ya kadi huandikwa chini kulia kwa namba ndogo. Moja haiandikwi.

Radikali ikitokea zaidi ya mara moja, ifunge kwenye mabano, namba ikae nje. Kalsiamu moja na haidroksaidi mbili ni Ca(OH)₂. Ukiandika CaOH₂ umesema kalsiamu moja, oksijeni moja na haidrojeni mbili, yaani umeiba oksijeni moja. Na ukiandika alumini salfeti bila mabano unapata Al₂SO₄₃, ambayo msahihishaji atasoma oksijeni arobaini na tatu.

Radikali ikitokea mara moja, mabano hayahitajiki. Na₂SO₄ inatosha. Elementi moja nayo haina haja ya mabano hata ikiwa nyingi: CaCl₂, siyo Ca(Cl)₂.

Chaji hazionekani kwenye fomula ya mwisho. Zimefutana. Ukiandika Na⁺Cl⁻ katika kuelezea bondi ni sawa, lakini fomula ni NaCl.

Usiguse namba zilizo ndani ya radikali. Na₂SO₄ ina namba 2 na 4, na kila mwaka kuna anayeona zinagawanyika kwa mbili, akaandika NaSO₂. Ile 4 ni sehemu ya salfeti. Vilevile NH₄NO₃: nitrojeni ya kwanza iko ndani ya amoniamu, ya pili iko ndani ya naitreti, na hazijumlishwi. Kinachorahisishwa ni idadi ya kadi peke yake.

Kuna ioni moja ya oksijeni inayodanganya macho. Peroksaidi ni O₂²⁻, oksijeni mbili zilizoshikana kwa bondi ya kovalenti, kadi moja ya sm 6. Sodiamu peroksaidi ni Na₂O₂ na inabaki hivyohivyo. Ukiifanya NaO umekata kadi katikati.

Onyo la mabano. Si kila mabano yanamaanisha ioni. Mbolea ya yurea ni CO(NH₂)₂, na ndani yake hakuna ioni yoyote. Ni molekuli ya kovalenti tupu. Kabla ya kutafuta chaji, jiulize kama kuna metali au amoniamu kwenye fomula. Yurea haina hata kimoja.

## Hatua ya 6: Hakiki kwa kurudi nyuma

Soma fomula uliyoiandika na ujumlishe chaji upya. Fe₂(SO₄)₃: salfeti tatu ni 6−, kwa hiyo chuma mbili zina 6+, kila moja 3+. Kama swali lilisema chuma (III), umepata. Kama lilisema chuma (II), jibu lilitakiwa kuwa FeSO₄.

Kisha hesabu atomi. Al₂(SO₄)₃ ina alumini 2, salfa 3 na oksijeni 12, jumla 17. Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani, siyo herufi ya mwisho tu.

Umefaulu ikiwa jumla ya chaji ni sifuri na idadi ya atomi inalingana na kadi zilizo mezani.

## Hatua ya 7: Lipe jina

Jina la ioni chanya, kisha la hasi. Basi. Idadi haitajwi: Al₂(SO₄)₃ ni alumini salfeti.

Angalia miisho, kwa kuwa inabadilisha kitu chenyewe. Naitraidi ni N³⁻, naitraiti ni NO₂⁻, naitreti ni NO₃⁻. Salfaidi ni S²⁻, salfaiti ni SO₃²⁻, salfeti ni SO₄²⁻. Mwisho wa *-aidi* kwa kawaida ni elementi moja, isipokuwa haidroksaidi na sayanaidi. Mwisho wa *-aiti* na *-eti* una oksijeni ndani, na *-eti* ina nyingi zaidi.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwa maji na taa

Kama ioni kweli zipo na kweli zinaachana kwenye maji, maji hayo yatapitisha umeme.

Unganisha upande chanya wa betri na rezista, rezista na mguu mrefu wa LED, mguu mfupi na penseli ya kwanza. Penseli ya pili iunganishe na upande hasi wa betri. Ncha nyeusi za chini za penseli (ni grafaiti, siyo metali ya risasi) ziingie kwenye glasi bila kugusana.

Jaribu kwa mpangilio huu, ukifuta ncha kila mara:

1. Chumvi kavu. Taa haiwaki. Ioni zipo, lakini zimefungwa kwenye fuwele haziwezi kutembea.
2. Maji ya mvua yenye sukari. Taa haiwaki, au inamemeteka kwa mbali sana kama maji si safi. Sukari inayeyuka ikiwa molekuli nzima.
3. Maji yenye kijiko cha chumvi. Taa inawaka.
4. Maji yenye magadi. Taa inawaka pia, na mwendo huo wa umeme unabebwa na Na⁺ ikielekea upande mmoja huku CO₃²⁻ na HCO₃⁻ zikielekea upande mwingine, kila moja ikiwa nzima.

Onyo. Tumia betri tu, kamwe usitumie umeme wa ukutani. Jaribio la chumvi lifanye mahali penye hewa na kwa sekunde chache: kwenye penseli moja klorini huanza kutoka, na utaijua kwa harufu ya dawa ya kufulia nguo nyeupe.

Mwisho, kamulia limau kwenye maji ya magadi. Yatafoka mapovu. Hapa radikali sasa inavunjika kweli: CO₃²⁻ + 2H⁺ → H₂O + CO₂. Kilichoivunja ni H⁺ ya limau, kwa mmenyuko wa kikemia. Maji peke yake hayakuweza. Jumlisha chaji pande zote mbili za mshale: sifuri kwa sifuri.

## Mazoezi ya vitu unavyoviona

Panga kadi kwanza, ndipo usome jibu.

Chokaa ya mwambao. Mawe ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti: CaCO₃. Yakichomwa tanurini kwenye nyuzi 900 hivi yanatoa CO₂ na kubaki chokaa hai, CaO. Ikimwagiwa maji inakuwa chokaa ya kupakia kuta, Ca(OH)₂. Ukutani inavuta tena CO₂ kutoka hewani na kurudi CaCO₃, ngumu kama mwanzo. Kalsiamu ni 2+ safari yote. Anayebadilika ni mwenzake. Usijaribu kumwagia chokaa hai maji nyumbani, inachemka na kuunguza macho.

Mbolea ya SA. Amoniamu salfeti: (NH₄)₂SO₄. Mabano yako kwa amoniamu, siyo kwa salfeti.

Mbolea ya DAP. Ni ya amoniamu pia, na ioni hasi ni HPO₄²⁻, yaani H₃PO₄ iliyotoa H⁺ mbili tu. Jibu: (NH₄)₂HPO₄.

Mrututu. Shaba (II) salfeti: CuSO₄. Fuwele zake za bluu zina maji ndani, CuSO₄·5H₂O. Maji hayana chaji, kwa hiyo hayaingii kwenye hesabu ya kadi.

Shabu ya kusafishia maji. Ina ioni chanya mbili tofauti, K⁺ moja na Al³⁺ moja. Pima: sm 3 na sm 9 ni sm 12, salfeti mbili. KAl(SO₄)₂·12H₂O.

Magadi ya Ziwa Magadi, Kenya. Madini yanayochimbwa pale, trona, yana kaboneti moja na haidrojeni kaboneti moja. Chini ni sm 6 na sm 3, jumla sm 9. Sodiamu ngapi? Tatu. Fomula huandikwa Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O.

Mawe ya fosfeti ya Minjingu, Manyara. Madini yake makuu yana kalsiamu tano, fosfeti tatu na fluoraidi. Fluoraidi ngapi? Kalsiamu tano ni 10+, fosfeti tatu ni 9−, imebaki nafasi ya 1− moja: Ca₅(PO₄)₃F. Kadi zako tatu za kalsiamu na mbili za fosfeti hazitatosha; ongeza mbili za kalsiamu na moja ya fosfeti.

Sasa toa kadi ya F⁻, weka OH⁻ mahali pake. Urefu ni uleule, sm 3, na hata ioni zenyewe zinakaribiana ukubwa. Unapata Ca₅(PO₄)₃OH, madini yanayojenga meno. Kwa kuwa ioni hizi mbili zinaingia nafasi moja bila kuvuruga fuwele, fluoraidi ya maji ya kunywa inahamia kwenye meno ya watoto yangali yanajengeka. Kiasi kidogo huyaimarisha. Kinapozidi, kama kwenye visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia.